Lenzi Isiipite Salamu

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alinijia ofisini na swali ambalo halimo katika muhtasari wa somo lolote ninalofundisha. Alikuwa akijiandaa kwenda Busia na Malaba kukusanya mazungumzo ya sokoni, mahali ambapo Kiteso, Kikhayo, Kisamia, Kijaluo, Kiganda na Kiswahili hukutana juu ya fungu moja la nyanya. Kamera alikwisha kuipata, ndogo, ya aina hii ya kisasa isiyo na kioo ndani. Akiba iliyosalia ilitosha lenzi moja tu. "Daktari," akaniuliza, "ninunue ile ya milimita 18 hadi 135, au ile ya 18 hadi 300 inayofika kila mahali?"

Nilimjibu papo hapo anunue ile fupi. Alinitazama kwa mshangao, kwani alitarajia mtu mzima amshauri apate kingi kwa pesa zake chache. Jibu langu sikulitoa vitabuni. Nililipata mpakani, tena kwa hasara.

Kwanza nieleze kwa nini nakubali kwamba safari ya huko yataka lenzi moja isiyobanduka. Msomaji aliyewahi kusimama Malaba anaijua ile foleni ya malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda, na anajua vumbi linalotimka kando ya barabara kila lori moja linapojongea. Katika kamera za zamani kulikuwa na kioo kilichosimama mbele ya filamu. Katika hizi mpya, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008 Panasonic ilipotoa ile iliyoitwa G1, kioo hakipo. Ukibandua lenzi, aghalabu kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu, hubaki wazi kama kidonda. Mimi niliwahi kubadilisha lenzi nikiwa nimeegemea ukuta wa duka moja hapo Malaba, jambo la nusu dakika. Kwa siku mbili zilizofuata kila mbingu niliyoipiga picha ilikuwa na madoa meusi matatu, mahali pale pale.

Kwa hiyo wazo la lenzi moja inayovuta karibu na kusogeza mbali si la wavivu. Ni la zamani pia. Lenzi ya kwanza ya namna hiyo kwa kamera za picha za kawaida, Zoomar ya Voigtländer, ilitoka mwaka 1959, nayo ilianzia milimita 36 hadi 82 tu. Mwaka 1992 Tamron wakatoa ya 28 hadi 200 ambayo msafiri aliweza kuitia mkobani. Tangu hapo mashindano yamekuwa ni nani atafika mbali zaidi, na leo mnunuzi huhesabu milimita kama mkulima anavyohesabu magunia.

Hapo ndipo tunapokosea. Tuziache milimita, tuzungumze juu ya hatua. Katika kamera ya kiasi kama ile ya mwanafunzi wangu, ambayo kihisi chake kina urefu wa milimita 16 hivi kwenda juu, ukitaka kichwa na mabega ya mtu vijaze picha kwa milimita 135, itakubidi usimame umbali wa mita 5 hivi. Kwa milimita 300 waweza kusimama karibu mita 12. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika karatasi. Sokoni ni tofauti ya dunia mbili. Katika mita 5 mtu akuona, nawe huna budi kumwambia "Mulembe" ikiwa ni Mkhayo, au "Yoga" ikiwa ni Mteso. Katika mita 12 uko ng'ambo ya barabara, kuna lori kati yenu, na hakuna anayekudai salamu.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara. Ilikuwa miaka kadhaa iliyopita mjini Busia, na nilikuwa na lenzi ile ile ya 18 hadi 300 ambayo mwanafunzi wangu aliitamani. Palikuwa na mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa upande wa Busibwabo, akiuza omena na samaki wakavu. Lugha alizozitumia zilikuwa hazina ya mtu wa taaluma yangu. Mteja wa Kiteso alimjibu kwa Kiteso, jirani yake alimtania kwa Kikhayo, na bei aliishikilia kwa Kiswahili. Nikajiambia nisimvuruge, nimwache katika hali yake ya asili. Nikampiga picha kwa muda wa dakika 40: mikono ikipima, midomo ikitamka, kichwa kikirushwa nyuma kwa kicheko. Kisha nikavuka barabara nikiwa na kinasa sauti na fomu yangu ya ridhaa.

"Mulembe, mama."

"Mwanangu, umenitazama tangu asubuhi, na sasa ndipo unanisalimu?" Alizungumza bila hasira, akiendelea kupanga samaki wake. "Picha umekwisha kuzipata. Sauti utaitafuta kwingine."

Nilimwomba radhi, nikafuta picha zote mbele yake, nikarudi siku ya pili na ya tatu. Alinipokea kwa adabu, akaniuzia omena, wala hakusema neno lolote kinasa sauti kilipokuwa karibu. Utafiti wangu ulichapishwa bila sauti yake, na kila niusomapo naliona pengo ambalo msomaji mwingine halioni.

Mwanafunzi wangu, ambaye amesoma vizuri, alinikumbusha habari za William Labov. Mtaalamu huyo wa Marekani alitueleza katika kazi zake, hasa kitabu chake cha mwaka 1972, kwamba tunataka kujua watu wanavyosema wasipochunguzwa, ilhali hatuna njia ya kujua hilo ila kwa kuwachunguza. "Je, daktari, lenzi ndefu si dawa ya tatizo hilo?" Swali ni zuri, lakini Labov hakujificha nyuma ya mti. Aliketi na watu, akawauliza kama waliwahi kunusurika kifo, nao wakasahau kinasa sauti kwa kuzama katika kisa. Lenzi ndefu haifanyi hivyo. Hukupa uso usiojua kwamba unatazamwa, na hukunyima maneno, kwa sababu katika mita 12 pale Busia kinasa sauti hakinasi ila breki za malori.

Kuna neema moja ya kamera hizi mpya ambayo ni mtego pia. Kwa kuwa hakuna kioo cha kuruka juu na kushuka, nyingi zaweza kupiga picha bila mlio wowote. Kwetu tunaorekodi usemi hiyo ni nafuu kubwa, kwani zamani kila picha iliacha "kacha" katikati ya sentensi. Lakini ukimya huo pamoja na milimita 300 humgeuza mtafiti kuwa mdukuzi, hata kama moyo wake ni safi. Kiswahili chasema tunapiga picha. Kitu kinachopigwa, mathalan ngoma au hodi, husikika. Sidai kwamba aliyeunda msemo huo aliwaza hivyo, lakini mimi huukumbuka kila ninapouzima mlio.

Nisije nikaonekana kuisingizia lenzi ndefu, nikiri mema yake. Mwenye kwenda Sio Port au Port Victoria kutazama ndege wa ziwani na mitumbwi iliyo mbali ataijutia lenzi fupi siku ya kwanza. Isitoshe, hiyo ya Tamron ya 18 hadi 300, iliyotolewa mwaka 2021, huweza kusogea hadi sentimita 15 kutoka kwenye kitu, hata mbegu ya mtama ikaonekana kubwa kama yai. Lenzi fupi ya Sony ya 18 hadi 135 haikaribii kiasi hicho. Hata hivyo ile ndefu ina uzito wa gramu 620, na hii fupi gramu 325. Atakayekaa juu ya bodaboda kutoka Busia hadi Malaba kupitia Adungosi, kamera ikining'inia shingoni, ataufahamu uzito huo kabla ya nusu ya safari. Wenye kamera za Canon wana ya 18 hadi 150, na wa Nikon wana ya 18 hadi 140. Zote mbili ni nyepesi kama hiyo ya Sony, na ninayoyasema yazihusu pia.

Kwa walimu wa shule nina neno la ziada. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake, na mtoto hawezi kujitolea ridhaa. Mzazi au mlezi ndiye aitoaye. Mwezi wa Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Mwalimu anayepeleka darasa mpakani na kuwapiga picha watoto wachuuzi kutoka mbali asidhani umbali wamwondolea wajibu huo.

Ama kuhusu ununuzi wenyewe, nilimshauri mwanafunzi wangu atafute lenzi iliyokwisha kutumika, aimulike kwa tochi kutoka nyuma, na akiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo airudishe hapo hapo. Hiyo ni kuvu, na unyevu wa pande za ziwa huilea. Aivute na kuirudisha mara kadhaa asikie kama inakwaruza, kwani lenzi inayorefuka huvuta hewa na vumbi lake. Aitazame pia kwenye shina kama ina mpira wa kuzuia vumbi. Ikiwa haina, basi awe na mfuko wa nailoni na ukanda wa mpira, dawa ya maskini niliyoitumia miaka mingi.

Jambo moja lilitushinda. Masoko ya jioni na vikao vya ndani ya nyumba za mabati havina mwanga, na lenzi zote mbili hizi hukodoa macho tu hapo. Lenzi ndogo ya milimita 35 yenye tundu la 1.8 huingiza mwanga wa karibu mara 10 kuliko hizo zikiwa zimevutwa hadi mwisho, lakini pesa zake hakuwa nazo. Alikwenda na ile ya 135 peke yake. Wiki ya pili aliniletea saa 6 za mazungumzo kutoka Malaba na picha 31 tu. Nyingi ni za mchana, na katika karibu zote mtu aliyepigwa picha anamtazama yeye moja kwa moja, mdomo wazi, katikati ya neno.