Klarineti ya Dar Katika Baridi ya Mlowo

Tuseme mpulizaji wa klarineti amealikwa harusini Mlowo mwezi wa Julai. Jana mchana alifanya mazoezi Dar es Salaam, jasho likimtiririka, na chombo chake kikakaa sawasawa na kinanda. Leo alfajiri ameshuka kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, na baridi ya uwanda wa Mbozi imempokea mpaka vidole vimekuwa vizito. Anafungua sanduku, anaunga vipande, anapuliza noti ya kwanza pamoja na kinanda cha kanisa. Sauti imelala chini. Anapuliza kwa nguvu zaidi, na bado imelala.

Hapo lawama huanza kugawiwa. Mmoja atasema mwanzi umechakaa, mwingine atasema ni mwinuko wa nchi, kwamba hewa ya milimani ni nyepesi. Mwinuko hauna kosa. Ni kweli hewa ya Mbozi ni nyepesi kuliko ya pwani, lakini mwendo wa sauti ndani ya hewa hautegemei mgandamizo wake, hutegemea joto. Penye nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Penye nyuzi 10, joto ambalo alfajiri ya kipupwe huko Nyanda za Juu Kusini huweza kulikaribia, husafiri karibu mita 337 tu. Na ndani ya bomba lenye urefu uleule, sauti inayokwenda polepole hutoa noti ya chini zaidi.

Kiasi gani? Wanamuziki hugawa nusu toni moja katika senti 100. Tofauti ya nyuzi moja ya joto huhamisha noti kwa senti tatu hivi, kwa hiyo nyuzi 20 ni kama senti 60, zaidi ya nusu ya nusu toni. Kinanda cha umeme, kilichowekwa kwenye A ya mitetemo 440 kwa sekunde, hakiguswi na baridi hiyo hata kidogo. Ndiyo maana ugomvi husikika zaidi klarineti inapokutana na kinanda kuliko inapokutana na matarumbeta, ambayo nayo hushuka kwa baridi.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kubadilisha bareli. Hicho ni kipande kifupi kilichotuna katikati, kinachounga kidomo cha kupulizia na mwili wa klarineti. Wafaransa hukiita pipa dogo, na ukikitazama utaona sababu. Kwa klarineti ya kawaida ya B bemoli, bareli nyingi zina urefu wa milimita 64 hadi 67. Fupi hupandisha sauti, ndefu huishusha. Mtu akisikia hivyo hudhani kazi imekwisha: baridi imeshusha, basi tafuta bareli fupi. Hesabu inakataa.

Klarineti ni bomba lililozibwa upande wa mpulizaji na kuachwa wazi upande wa pili, na noti yake ya msingi huhitaji bomba lenye robo ya urefu wa wimbi. Noti ya chini kabisa hutetema karibu mara 147 kwa sekunde, hivyo hutumia bomba la sentimita 58 hivi. G ya wazi, ile inayotoka bila kuziba tundu lolote, hutumia sentimita 25 tu. Sasa punguza milimita moja kwenye bareli. Kwa G ya wazi, hiyo ni sehemu kubwa ya safari, na noti hupanda kama senti saba. Kwa noti ya chini kabisa ni tone baharini: senti tatu. Bareli basi haiinui chombo kizima kwa pamoja. Huinua zaidi noti za bomba fupi, nyingine zikibaki nyuma. Atakayejaribu kulipa deni la senti 60 kwa bareli peke yake atapata chombo kisichopatana hata chenyewe.

Kwa hiyo baridi itibiwe kwanza kwa joto. Chombo kikae ndani ya koti au kwapani, kisha kipulizwe taratibu kwa dakika kumi au kumi na tano. Pumzi ya binadamu hutoka ikiwa na joto linalokaribia la mwili, na hewa ndani ya bomba, hasa upande wa kidomo, hupanda upesi. Sehemu kubwa ya zile senti 60 hurudi bila kugusa kipande chochote. Kisichofaa ni kukiweka chombo juani au karibu na jiko: mti ukipata joto la ghafla, tena katika kiangazi kikavu cha Mbozi, hupasuka.

Baada ya hapo ndipo bareli inapopata kazi yake, ambayo ni kurekebisha kile kidogo kilichobaki. Programu ya kutuni kwenye simu inatosha. Mpulizaji apige noti macho yakiwa pembeni, aitulize, ndipo atazame, kwa sababu anayetazama mapema huirekebisha kwa midomo bila kujua. Akilazimika kila mara kuchomoa bareli ya milimita 65 kwa milimita moja, anahitaji ya 66. Ikiwa ameisukuma hadi mwisho na G ya wazi bado iko chini, ajaribu ya 64. Kuchomoa sana si suluhisho la kudumu, kwani huacha kishimo kwenye maungio ambacho huvuruga ulinganifu wa noti za chini na zile za juu yake. Kama G ya wazi iko sawa lakini noti za mkono wa kulia zimepanda, achomoe kidogo pale katikati ya chombo, bareli aiache.

Urefu nao si kila kitu. Bareli mbili za milimita 65 huweza kutoa matokeo tofauti kabisa ikiwa tundu la moja limenyooka na la nyingine linabana kadiri linavyoshuka. Bareli inunuliwe ikishajaribiwa kwenye chombo chenyewe na kidomo chenyewe. Namba iliyochapwa ubavuni haitoshi.

Na hapa kuna jambo linalomgusa Mtanzania moja kwa moja. Klarineti bora duniani hutengenezwa kwa mpingo, mti mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Misitu ya Kilwa na Lindi ni miongoni mwa vyanzo vyake vikuu, na Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia vyenyewe misitu hiyo pamoja na shirika la uhifadhi la MCDI. Mbao hizo huondoka zikiwa vipande vya mraba, na hurudi, zikirudi, zikiwa vyombo vya bei isiyoshikika.

Mwili wa klarineti, wenye matundu na vibonyezo vyake, si kazi ya kuanzia. Bareli ni kazi ya kuanzia. Haina tundu la kidole wala kibonyezo. Inataka mpingo uliokauka vizuri, kerezo lililonyooka, na fundi anayeheshimu sehemu ya kumi ya milimita. Mafundi wakerezaji tunao, na mpingo tunao. Vyuo vyetu vya ufundi na bendi zetu zenye klarineti vikae pamoja, vianze na kipande hiki cha milimita 65.