UGONJWA WA MAKERUBI

Bila shaka umewahi kuona picha za wale malaika watoto waliochorwa na mafundi wa Ulaya: mashavu yamejaa, macho yametazama juu mbinguni. Hao ndio makerubi. Kuna ugonjwa adimu wa taya uliopewa jina lao, kerubizimu. Nimechagua kuueleza kwa sababu mtoto mwenye uso kama huo huchekwa, na watu wakakimbilia kusema ati familia imerogwa.

Uchawi haumo kabisa. Daktari William Jones wa Kanada aliueleza mwaka 1933 baada ya kuuona kwa ndugu wa familia moja. Mwaka 2001 wanasayansi waligundua kwamba aghalabu chanzo ni kasoro katika jeni iitwayo SH3BP2, ambayo mzazi huweza kumrithisha mwanawe.

Huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 7 hivi. Mfupa wa taya huliwa pande zote mbili, na mahali pake pakajaa nyama yenye nyuzinyuzi. Uvimbe ukipanda taya ya juu husukuma jicho, weupe ukaonekana chini ya mboni. Ndiyo maana hufanana na anayetazama juu. Meno ya utotoni hung'oka mapema. Yale ya ukubwani huota kombo au hukwama ndani.

Basi si akatwe mara moja? La! Baada ya kubalehe ugonjwa huu kwa kawaida hutulia wenyewe na mfupa hurudi polepole. Kwa hiyo madaktari mara nyingi hungoja, huku wakipiga picha za eksirei. Kisu hakingoji iwapo mtoto anashindwa kupumua, kula au kuona vizuri.

Taya ikishatulia, daktari mpasuaji huweza kuchonga mfupa uliozidi. Halafu huja kazi ya waya, ambayo mimi naona ndiyo ya ajabu zaidi. Ufizi hukatwa kidogo, jino lililokwama hubandikwa kijichuma, kisha huvutwa polepole kwa miezi mingi. Linaposukumwa, mfupa ulio mbele yake huyeyuka na mwingine hujengeka nyuma. Sasa waona kwa nini mfupa mzima unahitajika kwanza.

Lakini si kila taya iliyovimba ni ya kungojewa, jamani. Pale Mulago, Kampala, mwaka 1957, daktari Denis Burkitt alianza kuchunguza uvimbe wa taya za watoto ambao ni saratani. Huo huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, na tiba yake ni dawa, wala si kisu. Mtu wa kawaida hawezi kuzitofautisha kwa macho tu. Hospitalini huchukuliwa kipande cha nyama, kikatazamwa kwa hadubini, na mzazi huulizwa: uvimbe ulianza lini, ni upande mmoja au yote miwili, na nani mwingine nyumbani aliwahi kuwa nao?