Kabla ya kuuza shamba: namna urani inavyopimwa chini ya ardhi

Hapa Ituri habari ya madini hutembea kuliko mashine. Mgeni anafika kijijini na gari, anaokota mawe machache, na jioni watu wanasema tumekalia utajiri. Kuna anayeuza shamba la watoto wake kwa haraka. Kuna anayeacha kulima akingojea kazi. Ni vizuri tujue kupima kwenyewe kunafanyika namna gani. Tuchukue mfano wa urani.

Wavuvi wa Mahagi-Port wanajua kwamba wavu mmoja hauwezi kusimulia samaki wa ziwa zima. Jiwe moja nalo ni hivyo. Wapimaji hutoboa ardhi kwa mashine, mashimo mengi yaliyopangwa kwa mistari. Ndani ya kila shimo hushusha kifaa cha kupima mionzi, kisha sehemu ya mawe hupelekwa maabara ili kuhakikisha.

Halafu inakuja hesabu. Tuseme tabaka lenye urani lina urefu wa meta 400, upana wa meta 200 na unene wa meta 5. Hizo ni meta za ujazo 400,000. Ikiwa kila moja ina uzito wa tani 2, mawe yote ni tani 800,000. Ikiwa kila tani ina gramu 300 za urani, jumla ni tani 240. Lakini tukikosea kidogo, na kumbe ni gramu 200, zinabaki tani 160. Ndiyo maana mashimo yakiwa mbalimbali, hesabu huitwa ya kukisia tu. Yakikaribiana, ndipo inaaminika.

Hata hapo kazi haijaisha. Akiba ya mgodi ni ile sehemu tu inayoweza kuchimbwa kwa faida. Bei ikianguka, akiba hupungua, ingawa mawe hayajasogea.

Majirani zetu wa Tanzania wameliona hilo. Kule Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, urani imo katika mawe ya mchanga, chini ya sehemu moja katika elfu. Mwanzoni mwa 2011 ratili moja ya urani iliuzwa karibu dola 70. Mwezi Machi ikatokea ajali ya Fukushima, Japani, na bei ikashuka. Leseni ya kuchimba ilitolewa mwaka 2013, lakini mwaka 2016 bei ilifikia hadi chini ya dola 20. Kiwanda cha majaribio kilizinduliwa Julai 2025 tu. Aliyekopa pesa mwaka 2013 kwa tumaini la mgodi alingoja miaka 12.

Mtu atasema: na Shinkolobwe, kule Katanga? Mawe yaliyopelekwa Marekani wakati wa vita ya pili ya dunia yalifika asilimia 65. Utajiri wa namna hiyo ni nadra sana duniani, hauwezi kuwa kipimo cha kila kilima. Tena kuna onyo. Mwezi Januari 2004 Rais Joseph Kabila aliufunga mgodi huo kwa amri, lakini watu waliendelea kuchimba kobalti kwa mikono. Mwezi Julai ardhi ikaporomoka, watu wakafa. Vumbi na hewa ya mawe hayo pia huharibu mapafu polepole.

Basi mgeni akija, wazee na wachungaji waulize kwa upole: Mmetoboa mashimo mangapi? Maabara gani ilipima? Mna kibali cha utafiti au cha uchimbaji? Vibali hivyo huandikwa katika Cadastre Minier, na cha utafiti hakimpi mtu ruhusa ya kufungua mgodi. Asiyeweza kujibu bado hajui kilicho chini ya shamba lako. Endelea kulima.