Miwani ya njano haizuii taa za usiku

DEREVA anayetoka Kasulu kuelekea Kigoma mjini usiku hukabiliwa mara kwa mara na hatari moja: gari linalokuja mbele yake limewasha taa kali, naye kwa sekunde chache hamwoni mtembea kwa miguu wala baiskeli isiyo na taa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde tatu ni mita 50 za kwenda bila kuona.

Ndiyo maana miwani ya lenzi za njano, inayouzwa kwa jina la miwani ya usiku, huwavutia wengi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Marekani la JAMA Ophthalmology, uliohusisha watu 22 kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, ulibaini kuwa miwani hiyo haikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu, hata walipomulikwa.

Sababu ni kwamba lenzi ya rangi hupunguza mwanga wa taa unaokera pamoja na ule hafifu unaotoka kwenye nguo za mtu aliye kando ya barabara. Miwani ya jua ni hatari zaidi, kwa kuwa huzuia mwanga mwingi zaidi.

Kwa mtu ambaye tayari anahitaji miwani, chaguo sahihi ni lenzi nyeupe zenye utando wa kuzuia mwakisi. Lenzi isiyo na utando huo hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga, na sehemu yake huzaa vivuli vya taa machoni. Lenzi yenye utando hutambulika kwa mng'ao hafifu wa kijani au wa buluu inapoinamishwa kwenye mwanga.

Kipimo cha macho ndicho cha kwanza. Anayeona duara kuzunguka taa huenda ana mtoto wa jicho, ambaye haondolewi kwa miwani bali kwa upasuaji. Mkazi wa Kigoma au Ujiji mwenye dalili hiyo aende hospitali, mathalani ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, kabla ya kwenda dukani.

Mengine hayana gharama: kusafisha kioo cha mbele ndani na nje, hasa wakati wa vumbi la kiangazi, kupunguza mwendo, na kuelekeza macho ukingo wa kushoto wa barabara hadi gari lipite.