Dira inayojirekebisha: siri ya kutopotea angani kati ya Mbeya na Iringa

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

ABIRIA anayepanda ndege ndogo kutoka Songwe, Mbeya, kwenda Nduli, Iringa, husafiri takriban kilometa 300 kwa mstari ulionyooka. Asubuhi yenye anga safi, rubani huona bonde la Usangu likitandaa chini yake, na hana shaka na aendako. Siku ya ukungu au ya mvua za masika, huona weupe mtupu.

Katika hali hiyo, kosa dogo huwa kubwa. Rubani akikosea mwelekeo kwa nyuzi 10 tu, mwisho wa safari hiyo atajikuta zaidi ya kilometa 50 nje ya njia. Nyanda za Juu Kusini si mahali pa kukosea kiasi hicho. Kilele cha Mbeya kina urefu wa zaidi ya meta 2,800, Mlima Rungwe unakaribia meta 3,000, na mashariki yake iko safu ya Udzungwa.

Kila ndege ina dira ya sumaku, yaani kadi inayoelea ndani ya kimiminika. Haihitaji umeme, nayo ndiyo tegemeo la mwisho. Hata hivyo, ina udhaifu wake. Usumaku wa dunia haulali sambamba na ardhi, bali huinama. Kwa hiyo ndege inapokata kona, kuongeza mwendo au kupunguza, kadi huyumba na kutoa majibu ya uongo.

Hapa kuna jambo ambalo rubani wa Mbeya hana budi kulizingatia. Vitabu vingi vya urubani huandikwa Ulaya na Marekani, ambako usumaku huinama upande wa kaskazini. Kwetu huinama upande wa kusini, hivyo kanuni hugeuka. Huko, ndege inayoelekea mashariki ikiongeza mwendo, dira huonyesha kana kwamba inageukia kaskazini. Huku kwetu huonyesha inageukia kusini. Aliyekariri kitabu bila kukielewa anaweza kurekebisha kosa ambalo halipo.

Ili kuepuka kuyumba huko, ilibuniwa dira ya jairo, yenye gurudumu linalozunguka kwa kasi kubwa na kushikilia mwelekeo wake. Mwaka 1929, rubani Mmarekani James Doolittle alitumia chombo cha aina hiyo pamoja na vyombo vingine kuruka na kutua bila kutazama nje.

Jairo nayo ina kasoro. Imetulia, lakini haijui kaskazini iko wapi, na taratibu huhama kwa sababu ya msuguano na mzunguko wa dunia. Mzunguko huo peke yake huihamisha kwa zaidi kidogo ya nyuzi mbili kwa saa mtu akiwa Mbeya, na karibu nyuzi 12 akiwa London. Msuguano huongeza mengine. Ndiyo maana rubani hufundishwa kuilinganisha na dira ya sumaku kila baada ya dakika 10 hadi 15. Akiwa peke yake, huku akiongea na waongoza ndege na kupambana na mawingu, ni rahisi kusahau.

Dira inayojirekebisha huviunganisha vyombo hivyo viwili. Kihisio cha sumaku hufungwa mbali na chuma cha injini na nyaya za umeme, mara nyingi kwenye ncha ya bawa au mkiani. Kihisio hicho huiambia jairo kaskazini iko wapi, nayo huifuata polepole, takriban nyuzi tatu kwa dakika katika mitambo mingi. Upole huo ni wa makusudi: mtikisiko wa muda mfupi hauwahi kuipotosha, lakini uhamaji wa jairo hurekebishwa wakati wote.

Katika ndege nyingi kadi hiyo huwekwa ndani ya chombo ambacho marubani hukiita HSI. Katikati pana picha ndogo ya ndege, na juu ya kadi kuna mshale wa njia. Kwa safari ya Songwe hadi Nduli, tuseme rubani ameuelekeza mshale kwenye nyuzi 65. Sehemu ya kati ya mshale huo ni kijiti kinachoweza kuhama. Upepo wa kusini mashariki ukiisukuma ndege kushoto, kijiti huhamia kulia. Rubani hugeuza ndege kukifuata hadi kirudi katikati. Kwa mtazamo mmoja anajua ndege inaelekea wapi, njia iko wapi na iko upande gani wake.

Chombo hiki hakimwondolei rubani wajibu. Kabla ya kuruka hujipanga kwenye njia ya Songwe, ambayo namba zake ni 09 na 27, na kadi hupaswa kusomeka karibu na nyuzi 90 au 270. Aidha, huhakikisha swichi iko kwenye hali ya kujirekebisha. Ikiachwa kwenye hali huru, jairo itahama kimya kimya huku rubani akiamini inajisahihisha.

Umeme ukikatika, kibendera chekundu hujitokeza kwenye chombo. Hapo rubani hurudi kwenye dira ya zamani na kanuni zake za kusini. Akitaka kusimamisha kona kaskazini, huku kwetu husubiri hadi kadi ipite kaskazini kidogo, tofauti na vitabu vya Ulaya vinavyomtaka aache kabla ya kufika.

Kwa hiyo, abiria akiombwa kuondoa spika au begi la vipuri vya chuma karibu na rubani, asione anasumbuliwa. Sumaku haijui kutofautisha kati ya kaskazini ya dunia na spika iliyo pembeni yake.