Mtoto wako anasikia, au anakisia?

Nikikuambia "haraka haraka haina…", neno la mwisho umeshalipata kabla sijalitamka. Ubongo hausubiri sauti ifike. Hutumia ulichokwisha kusikia kutabiri kitakachofuata, kisha hulinganisha na kinachoingia sikioni.

Mwaka 1978, mtafiti wa Finland, Risto Näätänen, na wenzake walionesha kwamba mtu akisikilizishwa mlio uleule mara nyingi, kisha ukaja mlio tofauti, ubongo hushtuka chini ya nusu sekunde, hata kama mwenyewe hakuwa akisikiliza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1996 ulionesha kuwa mtoto wa miezi minane tayari hutambua silabi zinazofuatana mara kwa mara. Kwa hiyo zungumza na mwanao tangu mchanga, iwe kwa Kihaya au Kiswahili.

Lakini uwezo huu unaweza kuficha ugonjwa. Mtoto aliyepungukiwa usikivu, pengine kwa sababu ya sikio linalotoa usaha mara kwa mara, hujaza mapengo kwa kukisia. Nyumbani Muleba, ukimwita "njoo ule" huku ndizi zinapakuliwa, atakuja. Mzazi husema, "Huyu anasikia vizuri." Darasani Bukoba, mwalimu anataja neno jipya huku mvua inapiga bati. Hapo mtoto hana cha kukisia, naye huitwa mzembe au mkaidi.

Mzazi, jaribu hivi. Mahali patulivu, simama hatua moja nyuma ya mtoto ili asione midomo yako. Kwa sauti ya chini, taja maneno yasiyohusiana: kikombe, saba, mbuzi. Ayarudie. Akikosea mara nyingi, mpeleke kituo cha afya. Hata akipatia, kama bado una wasiwasi, mpeleke.

Usisubiri pia iwapo mtoto mchanga hashtuki kwa kelele, kama mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana neno hata moja, kama sikio linatoa usaha, au kama mtoto ametoka kuugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Usimtie mafuta wala kijiti sikioni. Akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba, msiichelewe.

Wakati mnasubiri, mwombe mwalimu amkalishe mbele. Na kabla ya kumchapa mtoto "asiyesikia", hakikisha kwanza kwamba anasikia.