Pori la Iguguno na Mtambo wa Kusaga Vichaka

Imetufikia barua kutoka Iguguno. Aliyeiandika ni mtoto wa mwanachama wetu wa siku nyingi, aliyekwenda bara kwa biashara akaishia kuwa mkulima. Amepata eka 30 za pori, na yuko mtu mwenye ekskaveta iliyofungwa kichwa cha kusagia vichaka ambaye yu tayari kumsafishia zote kabla ya mvua. Anauliza: je, aukodi mtambo huo, au aajiri watu wa shoka na panga kama ilivyo desturi ya huko? Fedha aliyonayo ni ya msimu mmoja wa karafuu za babake, na ikiisha hapana nyingine. Kwa kuwa wanachama wengine wa hapa visiwani wametuuliza jambo lilo hilo juu ya mashamba yao yaliyogeuka mwitu, tumeona yafaa tujibu mbele ya wote.

Kwa wasiopajua, Iguguno ni kata ya Wilaya ya Mkalama, katika Mkoa wa Singida, kando ya barabara kuu itokayo Singida mjini kwenda Nzega. Wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Watu wa huko hulima alizeti, mtama, uwele, mahindi, dengu na vitunguu, na asali ya Singida yasifiwa mbali. Mvua ni ya msimu mmoja tu, toka Novemba au Desemba mpaka Aprili, kiasi cha milimita 600 au 700 kwa mwaka; Pemba hupata yapata mara tatu ya hiyo. Basi pori la kule halifanani na mwitu wetu. Ni migunga, mikulagembe yenye miba, vichaka vifupi vilivyosokotana, na hapa na pale mbuyu. Miti mingi si mirefu, illa ina roho ngumu, kwa kuwa imezoea kukatwa, kuliwa na mbuzi na kuunguzwa na moto, kisha kuchipua tena.

Sasa tuutazame mtambo. Ekskaveta wengi wetu twaijua. Ndiyo ile ichimbayo mitaro ya barabara, na mafundi huiita kijiko. Kwa kazi hii ndoo ya kuchimbia huondolewa mwisho wa mkono, kikafungwa badala yake kichwa kizito chenye gogo la chuma lililopandwa meno makali. Gogo hilo huzungushwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki, mizunguko elfu na zaidi kwa dakika. Dereva huinua kichwa juu ya mti, akakishusha kutoka kileleni mpaka chini, na mti ukawa vipande vipande, vingine kama kidole, vingine kama unga wa mbao. Vipande hivyo hubaki pale pale juu ya ardhi, vikawa matandazo.

Hapa ndipo ulipo ubora wake, nasi hatutaki kuuficha. Buldoza husukuma miti pamoja na udongo wa juu, ule ulio na rutuba, ukarundikwa pembeni katika matuta marefu, na mkulima akabaki na udongo mwekundu usio na kitu. Mtambo wa kusaga hauparuzi ardhi. Hauachi marundo ya kuchomwa moto. Tena mkono wake ni mrefu, wafika futi 25 na zaidi, hata dereva akisimama mahali pamoja aweza kusafisha duara kubwa, na aweza kuufikia ukingo wa korongo bila ya kuingia ndani yake. Katika vichaka vya wastani, eka moja hata tatu kwa siku ni kazi ya kawaida. Mtu mmoja na shoka, katika mikulagembe, huhesabu eka moja kwa majuma.

Walakini una masharti yake. Mti mnene kupita paja la mtu mzima huuchosha, na mbuyu usiguswe kabisa. Jiwe au waya ukikutwa na meno hurushwa kama risasi, kwa hiyo mtu yeyote na asimame mbali, hatua mia na zaidi, na dereva awe nyuma ya kioo cha plastiki nene, si kioo cha kawaida. Nchi ya Singida ina mawe mengi; mwenye shamba na atembee eneo lake kwanza, ayatie alama. Kadhalika si kila ekskaveta yaweza kazi hii. Yataka mabomba ya ziada ya mafuta, pamoja na moja la kurudisha mafuta moja kwa moja katika tangi, na rejeta ya kutosha, maana jua la huko na vumbi la miti huipandisha joto haraka. Fundi mwangalifu huisimamisha mara kadhaa kwa siku akaipuliza rejeta. Mwenye mtambo asiyefanya hivyo atauharibu shambani mwako, nawe utangoja wiki tatu chombo kitoke Dar es Salaam huku mvua inakuja. Mafuta nayo: ekskaveta ya tani 20 ikisaga yaweza kunywa lita 20 au zaidi kwa saa.

Hayo yote ni ya juu ya ardhi. Meno ya mtambo hayateremki mbali chini. Kisiki hubaki, na mizizi hubaki. Twataka msomaji alishike jambo hili, kwa sababu nchi ile ile ya kati ya Tanzania imekwisha kutoa somo lake mara mbili, kwa gharama kubwa.

Mara ya kwanza ilikuwa Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, safari ya siku moja kwa gari kutoka Iguguno. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliishauri Serikali ya Uingereza ilime karanga katika Afrika ya Mashariki, kwani baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa haba kwao. Waliotumwa kukagua nchi walikaa majuma machache tu, wakaandika hesabu ya eka zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa yake Tanganyika. Kazi ikaanza 1947. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Walifunga mnyororo mzito kati ya matrekta mawili, wakaukokota porini ili uangushe kila kilichosimama.

Miti ilianguka. Kilichowashinda ni kile kilichokuwa chini. Mizizi ilivunja majembe ya chuma, na udongo wenye mchanga mkali ulisaga vyuma, kisha ukakauka kama saruji wakati wa kiangazi. Mwaka wa kwanza walikusudia eka 150,000. Ulipokwisha walikuwa wamesafisha kiasi cha 7,500. Mvua nayo haikuja kama ilivyoandikwa katika karatasi. Mnamo Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara. Wagogo waliokuwa wakiishi pale walikuwa wakiijua mvua yao na udongo wao siku zote, lakini hatuoni kwamba waliulizwa sana.

Somo la pili liko upande wa mbele wa barabara hiyo hiyo ya Iguguno, kupita Nzega, huko Shinyanga. Tangu miaka ya 1920, Bwana Swynnerton na wenzake waliongoza maelfu ya watu kufyeka pori kwa shoka ili kumfukuza mbung'o. Mbung'o aliondoka, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapandwa, na ufyekaji ukaendelea kwa sababu hii na ile. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa wazi kama uwanja, kuni zikafuatwa mbali, na upepo ukabeba udongo. Mwalimu Nyerere alipoitembelea mwaka 1984 aliiona hali hiyo, na mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI.

Na hapa pana jambo la ajabu. Kazi kubwa ya kurudisha miti haikufanywa na vitalu. Wasukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili, yaani kutenga malisho yasiingiliwe na mifugo mpaka kiangazi. Desturi hiyo ilipofufuliwa, maeneo yakafungwa, na visiki na mizizi iliyokuwa imelala ardhini kwa miaka ikachipua yenyewe. Mpango ulipomalizika 2004, ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000.

Kongwa mizizi ilikuwa adui, Shinyanga ikawa rafiki, lakini mizizi ni ile ile. Pori la nchi ile makao yake ni chini ya ardhi. Mtambo wa kusaga humaliza nusu ya juu kwa siku chache, na nusu ya chini humngoja mkulima.

Kwa hiyo twamjibu mwenzetu wa Iguguno hivi. Asisafishe eka 30. Asafishe kumi, na hata hizo zisimalize fedha yake. Nusu ya fedha iende katika mtambo na nusu aiweke kwa kazi ya miaka miwili itakayofuata. Machipukizi yatatokea na mvua za kwanza, mabichi na mengi kuliko miti ya awali. Yakifika magotini yakatwe kwa panga au jembe, maana wakati huo mzizi umetumia akiba yake kuyatoa na haujaijaza tena. Yatarudi, yakatwe tena. Wazee wa huko wanaijua kazi hii kuliko sisi, na vijana wa kuifanya wapo kijijini. Mahali atakapopitisha jembe la trekta, visiki na ving'olewe kwa sururu kabisa, hata ikiwa ni eka mbili tu kwa mwaka. Akifanya eka 30 kwa mara moja na mfuko ukawa mtupu, mwaka wa tatu atakuwa na eka 30 za mikulagembe iliyosongana kuliko alivyoikuta.

Matandazo yasichanganywe na udongo mwaka wa kwanza. Vipande vya mti vikizikwa, vijidudu vinavyoviozesha huinyang'anya mimea naitrojeni, na mahindi yakawa ya manjano. Viachwe juu vizuie jua, mchwa watavila pole pole, na katikati yake apande kunde au dengu kwa mashimo ya jembe. Alizeti ingoje. Moto wa majirani wa mwezi wa Oktoba ni hatari kubwa, kwani eka iliyotandazwa vipande vikavu ni kama kibiriti. Na azungushie ukanda uliolimwa, upana wa hatua tano au sita.

Kabla ya yote aende kwa ofisa wa misitu wa wilaya apate kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na akae na serikali ya kijiji waelezane njia za ng'ombe. Pori laweza kuonekana halina mtu, kumbe lina wenye mizinga ya nyuki. Na katika wilaya hiyo hiyo, upande wa Munguli, wako Wahadzabe ambao pori ndilo ghala yao. Mibuyu na mikwaju aiache. Kuhusu malipo, apatane kwa eka iliyopimwa, si kwa saa, na aandikishe kwamba kisiki kisipite urefu wa kifundo cha mguu. Alipaye kwa saa hulipia hata dereva akinywa chai. Naye alipaye kwa eka bila ya sharti la kisiki ataachiwa visiki vya kufika magotini.

Sasa tugeukie visiwani. Shamba lililo na mikarafuu hai, hata kama limezama katika mwitu, mtambo huu usiingizwe. Mikarafuu yetu hupandwa kwa nafasi ya hatua chache, na katikati yake pana migomba na minazi. Mkono wa futi 25 hauna pa kugeukia. Mizizi ya mkarafuu inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na tani 20 zikipita juu yake huikandamiza. Zaidi ya hayo, kila kipande kinachorushwa chaweza kuchubua gome. Wataalamu Nutman na Roberts, waliochunguza maradhi ya mikarafuu yetu katika miaka ya 1950, walieleza kwamba ukungu unaokausha matawi huingia mtini kwa njia ya jeraha. Tumezoea kuwaonya wachumaji wasivunje matawi. Itakuwaje tulete gogo la meno? Huko kazi ni ya panga na jembe, mwaka kwa mwaka, na mwitu uliofyekwa utandazwe chini ya mti lakini usiegemee shina.

Panapofaa ni pale ambapo mikarafuu imekwisha kufa zamani na pamebaki kichaka kitupu, hasa kwenye miteremko ambayo buldoza ingeufungulia mvua udongo wote. Hapo mtambo ungesaga, visiki vikashika ardhi mpaka miche ishike, na wenye mashamba jirani watano au sita wangeshirikiana gharama, kwani kuuvusha baharini na kuubeba kwa lori ni bei ile ile, uwe wa eka mbili au wa eka ishirini. Wanaokusudia hivyo na wapime kwanza njia ya kuingilia. Ekskaveta ya tani 20 yataka futi 12 zilizo wazi, na njia nyingi za mashamba yetu zilipimwa kwa punda na mzigo wake.